Mchukuzi Yuko Wapi? Kuhusu Sanamu ya Askari

Katika semina za uhakiki tumezoea kuuliza: nani mhusika mkuu, na nani amesukumwa pembeni? Swali hilo tunaliuliza juu ya riwaya na tamthilia. Mimi naomba, ndugu msomaji, tuliulize juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaipita tukishuka Posta bila hata kuinua macho: Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1899 mchoraji wa Kirusi Vasily Surikov alimaliza picha ya jeshi la Suvorov likivuka milima ya Alps mwaka 1799. Ni picha kubwa, kimo chake karibu mita tano. Jemadari yumo, juu ya farasi, ukingoni mwa genge. Lakini jicho la mtazamaji halitulii kwake. Linaporomoka pamoja na askari wa kawaida wanaoteleza kwenye barafu: mmoja anapiga ishara ya msalaba, mwingine amejifunika uso kwa joho asione anakokwenda, na wale wa juu bado wanacheka na mkubwa wao. Sikatai kwamba picha inamsifu jemadari. Ila hofu iliyomo ni ya wadogo, na msanii ameipa hofu hiyo eneo kubwa kuliko sifa.

Sasa turudi mjini. Wajerumani waliwahi kusimamisha hapa Dar es Salaam sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann: bwana mkubwa juu, na chini miguuni pake askari Mwafrika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena huko Hamburg, chuoni, na mwaka 1968 wanafunzi wenzetu wa huko wakaiangusha. (Wanafunzi wana kazi zao, jamani!)

Mwaka 1927 Waingereza wakaweka ya kwao, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii hakuna mzungu juu. Yupo askari Mwafrika peke yake, wa shaba, ameinama mbele kidogo, singe yake ikielekea bandarini. Kifani ni kazi safi: mwili una mwendo, hauna ule ugumu wa sanamu za magavana. Mtu anaweza kusema yule wa chini amepandishwa juu, basi, haki imetendeka.

Mimi nasema imetendeka nusu. Maandishi ya kwenye msingi, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Humo wachukuzi wanatajwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Sawa. Lakini kama wao ndio miguu, mbona hawasimami? Askari kapanda, nafasi yake ya chini kaachiwa mchukuzi. Nairobi, ambako Stevenson huyohuyo alichonga watu watatu, mchukuzi alipata kusimama bega kwa bega na wenzake. Kwetu hapana.

Na hao hawakuwa wachache. Upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria wachukuzi karibu milioni moja, na waliokufa si chini ya 95,000, wengi kwa maradhi, njaa na kuchoka kuliko kwa risasi. Agosti 1916, jeshi la Smuts lilipokuwa likiwafukuza Wajerumani kuzunguka milima ya Uluguru, farasi na nyumbu walikuwa wanakufa kwa ndorobo. Chakula na risasi vikapanda milima juu ya vichwa vya watu. Hiyo ndiyo Alps yetu, na haina Surikov wake.

Kuna jambo lingine katika maandishi yale linalonikera zaidi. Yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nchi ya nani, kwanza? Waafrika walikuwa pande zote mbili, wakiuana kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya. Na jina lipi? Zunguka msingi wote, hutakuta jina hata moja la aliyekufa. Huu ni ukinzani wa maudhui na fani, na msanii hawezi kukwepa kwa kusema maneno si yake.

Wapo wenzangu wanaodai sanamu ing'olewe kwa kuwa ni ya mkoloni. Siungi mkono. Ikiondoka, ushahidi wa jinsi mkoloni alivyotupanga kwa ngazi utaondoka nao. Afadhali ibaki, tuisome pamoja na Kariakoo. Maana wachukuzi walipiga kambi kule, na jina la kikosi chao cha Kiingereza, Carrier Corps, likapita midomoni mwa watu mpaka likawa Kariakoo. Hakuna mchongaji aliyelipwa kwa kazi hiyo, wala Kipling hakuombwa maneno. Kondakta analipiga kelele kutwa, mama anakwenda huko kununua vitenge, na wachukuzi wenyewe bado wamo sokoni, gunia kichwani, wakiomba njia.