Wanaotunza Mikoko ya Gazi

Maji yakishakupwa katika ghuba ya Gazi, pwani ya Kwale nchini Kenya, wanakikundi wa Mikoko Pamoja huingia topeni. Mbegu ndefu za mkoko huchomekwa moja moja, kwa mkono, kabla bahari haijarudi. Nyingine husombwa na mawimbi, na kazi ikaanza upya.

Kupanda ndiyo sehemu nyepesi. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayofyonzwa na msitu huo. Mnunuzi hataki maneno matupu, anataka vipimo. Kwa hiyo lazima mtu apenye kwenye mizizi iliyosokotana, utepe mkononi, apime unene wa mti baada ya mti huku mwenzake akiandika. Lazima mwingine apige doria, na huenda atakayemkuta na shoka ni jirani yake. Jirani huyo naye ana nyumba ya kujenga na chungu cha kuinjika. Ndiyo maana kikundi kilipanda mivinje, boriti na kuni zipatikane kwingine.

Pesa zikiingia, wanakijiji hukaa kikao wakaamua wenyewe ziende wapi. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vilianzisha mradi wao kwa kufuata njia hiyo ya Gazi.