Mbwa Mbele ya Paa: Namna ya Kumpima Aliyefundishika

Mbwa wa kutembea naye porini hapimwi kwa kukaa anapoambiwa "kaa". Hupimwa pale paa anapochomoka kichakani hatua tatu mbele ya pua yake. Hapo ndipo kazi ya mkufunzi inapoonekana yote, nzuri na mbaya.

Paa wa pwani yetu ni mnyama mdogo, kilo tano hivi, na mgongo wake haupiti goti la mtu mzima. Hujibanza kimya, akiamini rangi yake, mpaka unakaribia kumkanyaga, kisha hufyatuka akikata kona huku na huku. Swala wa mbugani unamwona kwa mbali, ukapata nafasi ya kumwandaa mbwa. Paa hakupi nafasi hiyo, na ndiyo maana namhesabu kuwa mtihani mgumu kuliko wote. Pongo dume ni habari nyingine: akibanwa hugeuka na pembe, na pembe zake zinaweza kumuua mbwa.

Kwa mtu wa mtaa wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, kuna mtego wa kuangalia. Mbwa aliyekulia kwenye ghala la mtaani kwetu huzoea mengi: nyundo za mafundi bati tangu asubuhi, mabasi ya mwendokasi, mikokoteni ya Kariakoo, makuli wakipiga kelele za njia. Muuzaji atakuonyesha kwa fahari kwamba hashtuki. Usiridhike na hilo. Kelele haikimbii, na kinachoamsha damu ya mbwa ni kitu kinachomkimbia. Mwombe ampitishe karibu na kuku aliyefunguliwa miguu, au mbuzi anayekatiza njia, kisha wewe itazame kamba. Ikibaki imelegea, una mbwa wa kuendelea kumchunguza. Ikikaza, bado kazi ipo, hata akikaa na kulala kwa amri mara mia.

Vigezo vya kupimia si vigeni pwani. Mafakihi wa Kishafii walivijadili karne nyingi zilizopita walipoeleza hukumu ya windo la mnyama aliyefundishwa, jambo lililotajwa katika Surat Al-Maida, aya ya 4. Akitumwa aende, akikemewa ajizuie, akikamata asile. Tena mambo hayo yajirudie mpaka ijulikane kwamba ni tabia yake. Mimi siwindi, lakini sijaona kipimo kilichopangwa vizuri zaidi ya hicho. Kujizuia ndilo sharti zito, na kujirudia ndilo linalosahauliwa sana. Mbwa aliyemwacha paa mara moja huenda alikuwa amechoka tu.

Sasa mtazame mwili wake. Mbwa mzuri humwona paa: masikio husimama, mguu mmoja huweza kubaki hewani, pua hufanya kazi. Asiyeonyesha dalili yoyote hajafundishwa kitu. Huenda ni mzee au mgonjwa. Kisha, kabla hujasema neno, kichwa chake hugeuka kukutafuta wewe. Mgeuko huo wa kichwa ndio ninaoulipia fedha. Unaonyesha kwamba shauku ipo, na juu ya shauku kuna makubaliano kati yake na bwana wake.

Usiuchanganye na woga. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo naye husimama, lakini mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala, ulimi unalamba midomo ovyo. Huyo hutii fimbo, na siku fimbo ikiwa mbali atakimbia. Namweka chini ya mbwa anayesitasita kidogo huku mkia wake umetulia.

Baada ya paa kutoweka, endelea kutazama, kwa maana wapimaji wengi huacha mapema. Paa huacha alama kwa majimaji ya tezi zilizo mbele ya macho yake, akiyapaka kwenye vijiti, hivyo harufu hubaki yeye akiwa keshakwenda. Mbwa aliyeiva hurudi kwenye mwendo wake baada ya muda mfupi. Asiyeiva huvuta, huzunguka, hurudia pale pale. Msikilize na mwenye mbwa: neno moja la sauti ya chini latosha. Akipaza sauti mara tano, kasoro ni yake.

Wako wanaomsifu mbwa aliyemfukuza paa kisha akarudi mwenyewe akihema. Mimi simpi alama hata moja. Paa aweza kufa kwa kukimbizwa tu bila kuguswa na jino, na mama anayekimbizwa huenda amemlaza mtoto kichakani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo haichezi na anayewinda bila leseni.

Kwa hiyo msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi uwaachie wanyama. Pita na mbwa wako kwenye njia za mashamba ya Kisarawe, kwa ruhusa ya wenyewe. Mchanje kwanza dhidi ya kichaa cha mbwa na distempa. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ilihusishwa na mbwa wa vijiji jirani. Na kama mbwa wako hajafikia kukutafuta kwa macho paa anapochomoka, tafadhali usimfungue kamba.