Fundi wa Tabo Mjini Lodwar

Lori la mahindi linalotoka Kitale kwenda Kakuma hupita Makutano, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka Kamatira, Ortum na Marich hadi tambarare ya Turkana. Likifika Lodwar, limeshuka mpaka karibu mita 500. Kule juu hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko. Huku chini joto nalo huipunguzia uzito: kwa shinikizo lile lile, hewa ya nyuzi 35 ina uzito pungufu kwa asilimia 6 hivi kuliko ya nyuzi 15. Dizeli haiungui sawasawa bila hewa ya kutosha, na kinachoiokoa injini pande zote mbili ni tabo. Moshi wa egzosi huzungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo huzungusha jingine lililo mwisho wa pili wa shafti, na hilo la pili husukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905. Huko Turkana wazo hilo linaishi mikononi mwa mafundi wa kando ya barabara ya A1, na yuko mmoja wa Lodwar ambaye kazi yake inastahili kuandikwa.

Haanzi na spana. Humwambia dereva awashe injini, kisha husimama ubavuni mwa lori, kimya, akitazama moshi. Moshi mweusi humwambia hewa haitoshi. Moshi wa bluu humwambia oili imepenya ikaungua. Mluzi mkali unapopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, hupitisha kiganja karibu na maungio ya mabomba, moja baada ya jingine, mpaka ahisi hewa inapovuja. Mara nyingine kazi huishia hapo: klipu imelegea au mpira umepasuka, na dereva aliyekuja akiwa amejiandaa kununua tabo mpya hulipa bei ya klipu. Mimi humheshimu kwa hilo kabla ya mengine yote.

Ikibidi tabo ishuke, husubiri injini ipoe. Egzosi ya lori lililobeba mzigo hupita nyuzi 600, na chuma cha joto hicho hakifunguliwi kwa haraka. Kwanza huosha eneo lote kwa brashi na mafuta ya taa, kwa maana vumbi la Lodwar limejaa kila pembe, na chembe moja ikidondoka kwenye tundu la oili itafika ndani ya injini. Bolti zilizoshikwa na kutu huzilowesha, huziacha, huzigonga kidogo, huzirudia tena. Kila tundu analolifungua hulizibia papo hapo kwa kitambaa safi. Kijana anayejifunza kwake ana kazi moja siku hiyo: kukata vitambaa na kuhakikisha hakuna tundu lililobaki wazi.

Kisha huketi juu ya ekicholong, kigoda cha wanaume wa Kiturkana ambacho usiku huwa mto wa kulalia, na tabo ameiweka mbele yake juu ya bati lililofutwa. Kabla ya kulegeza nati ya gurudumu la hewa, hukwaruza alama ndogo juu ya nati, gurudumu na shafti. Vitu hivyo vitatu vimesawazishwa pamoja kiwandani. Tabo ya lori huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo gurudumu likirudishwa limegeuka kidogo tu, mtikisiko wake utakula beringi. Nati yenyewe kwenye tabo nyingi hufunguka kinyume cha tulivyozoea. Nimeona watu wenye nguvu wakiikata kwa kuilazimisha. Yeye huitazama, huigeuza upande wake, nayo hutoka.

Sasa husoma. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ncha za mapezi ya gurudumu la hewa zikiwa zimelika na kuwa butu, mchanga umepita, kwa hiyo filta imepasuka au haikukaa sawa. Beringi yenye mikwaruzo ya duara inasema oili ilikuwa chafu. Shafti iliyogeuka rangi ya bluu inasema oili haikufika kabisa, chuma kikasuguana na chuma. Beringi hizi ni bushi za shaba nyeusi zilizotobolewa, hazibani shafti. Huelea, oili ikiwa ndani yake na nje yake, nazo huzunguka polepole kuliko shafti. Utando huo mwembamba wa oili ndio unaobeba kila kitu.

Dereva mwenye haraka ya kufika Kakuma kabla giza halijaingia aliwahi kumsihi, "Fundi, nifungie mpya tu niende." Akajibiwa kwa upole, "Dere, nikifunga bila kujua kilichoiua hii, hata Kakuma hutafika." Kisha akafungua bomba la kupeleka oili, akapitisha waya ndani, ukatoka na kaa jeusi gumu. Oili ilikuwa imeungua humo kidogo kidogo, kila mara injini ilipozimwa ingali moto.

Zipo injini zenye tabo mbili, kubwa na ndogo, zilizounganishwa mfululizo. Hewa huingia kwanza kwenye kubwa, ikitoka humo huingia kwenye ndogo. Moshi hupita njia ya kinyume, ndogo kwanza. Ni kama visima vya laga, mto mkavu wa mchanga, wakati wa kiangazi, mtu wa chini akimpa karai wa juu yake, kila mmoja akianzia alipofikia mwenzake. Kubwa ikizidisha shinikizo mara 2, na ndogo ikalizidisha mara 2 tena, injini hupata mara 4. Tabo moja ikilazimishwa kufanya yote hayo peke yake huzidiwa, na huichemsha hewa kupita kiasi. Lakini mbili ni maungio maradufu, njia mbili za kupeleka oili na mbili za kuirudisha, na mabomba ya kurudishia lazima yateremke bila kujikunja, maana oili hurudi kwa uzito wake tu. Ikikwama, itatafuta njia kupitia pete za shafti, na moshi wa bluu utarudi. Kwa kazi hiyo fundi hupima kwanza kwa vipande vya waya alivyovikunja, huvijaribu mahali pake, huvitoa, huvikunja upya. Bomba la chuma hukatwa mwisho.

Kufunga huchukua muda mrefu kuliko kufungua. Gasketi ni mpya, na gundi ya gasketi haigusi njia ya oili kamwe, kwa maana kipande chake kikikatika huziba tundu dogo la beringi. Huushika mwisho wa shafti na kuusukuma mbele na nyuma, akitazama mshale wa saa ya kupimia: mwendo unaoruhusiwa ni sehemu ndogo ya milimita. Kisha humimina oili safi kwenye tundu la juu huku akizungusha gurudumu kwa kidole. Dizeli imekatwa, kijana huzungusha injini kwa stata mpaka oili ionekane ikitoka bomba la kurudi. Hapo tu ndipo injini huwashwa, nayo huachwa ingurume taratibu. Hakuna anayekanyaga mafuta. Fundi huzunguka na tochi chini ya lori, akigusa kila ungio.

Dereva unayepita Lodwar, ukifika na mzigo usizime papo hapo. Iache injini ingurume polepole dakika 3, oili ipoze shafti. Na kabla hujaondoka asubuhi, fungua kasha la filta ulitazame kwa macho yako.