Herufi Zilizozaliwa Kuukuu

Si vigumu siku hizi kukuta jina la diwani limepigwa jaladani kwa herufi nene zenye mikwaruzo, mfano wa herufi zilizoandikwa ubaoni kwa brashi chakavu, kisha jua na mvua vikazila. Fonti za namna hiyo hupendwa kwa kuwa zina haiba: brashi inaonekana ilipoanza imeshiba rangi, na ilipokaukiwa ikaacha michirizi. Jicho hudhani limeuona mkono.

Lakini mkono haurudii. Atazamwe mchoraji aandikapo jina kwenye ubavu wa mashua. Herufi ya mwisho huibana kwa kuwa ubao umemwishia. Baadaye chunyu hula rangi kutoka chini, jua huipasua juu, na kamba ya nanga husugua pahala pamoja tu. Kila jeraha lina kisa chake. Katika fonti, jeraha la A ni lile lile kila A itokeapo.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoifichua hila hiyo upesi kuliko Kiingereza, maana silabi zake hukomea kwa irabu. Yaandikwe maneno MASHAIRI YA BAHARI: zitatokea A tano, zote zimekwaruzwa bega moja, na I tatu zilizomeguka mguu mmoja. Msomaji huenda asiijue sababu, ila huhisi kwamba anadanganywa.

Mafundi wameliona tatizo zamani. Just van Rossum na Erik van Blokland, Waholanzi wawili, walibuni Beowolf, iliyotolewa mwaka 1990, ambayo kingo za herufi zake zilibadilika zenyewe kila zilipochapwa. Siku hizi fonti yaweza kubeba sura tatu au nne za herufi moja na kuzipokeza zamu. Ni nafuu, ingawa A tano bado zazishinda sura tatu.

Lililo zito zaidi ni la mwenye mkono. Nchini India, marehemu Hanif Kureshi, aliyefariki mwaka 2024, alikusanya miandiko ya wachoraji wa mabango wa mitaani akaigeuza fonti, na fonti hizo zikabeba majina ya wachoraji, kama Painter Kafeel wa Delhi. Nyingi nyingine huiga mkono usiotajwa, na mara nyingi mkono wenyewe haukuwapo.

Kwa jalada, basi, na ziruhusiwe: maneno mawili matatu, makubwa, na A zenye kufanana zichongwe upya moja moja. Ndani ya kitabu hazina kazi. Shairi la mizani kumi na sita lataka nafasi safi baina ya ukwapi na utao, na herufi zenye michirizi zikipunguzwa huonekana kama uchafu wa wino. Vina, ambavyo ndivyo macho huvitafuta, huzama humo. Tena mtunzi kijana ambaye diwani yake ni ya kwanza hana haja ya kuvikwa uzee asioufikia.

Wenye vyombo wenyewe hawakuupenda uchakavu huo kamwe. Mashua ikipandishwa pwani kukwanguliwa na kutiwa shahamu, jina nalo hupakwa rangi upya, nyeupe au nyekundu, likang'aa, na mchoraji akalipwa.