Sinduri Isiyotafsiriwa: Alama za Ndoa katika Tamthilia za Kihindi na Upeo wa Mtazamaji wa Makoko

Ikisiri

Makala haya yanahakiki alama za ndoa zinazovaliwa na wanawake katika tamthilia za televisheni za Kihindi, kwa kurejelea Balika Vadhu na Kumkum Bhagya. Hoja kuu ni kwamba alama hizo ni sehemu ya usemi wa tamthilia, na kwamba usemi huo hupotea pale tafsiri inaposhughulikia maneno na kuuacha mwili. Upeo wa mtazamaji wa Makoko, Musoma, unatumiwa kubainisha kinachopotea na kinachoweza kuokolewa.

Utangulizi

Hadithi za Kihindi hazikuletwa Afrika Mashariki na king'amuzi. Laura Fair (2018) ameonyesha nafasi kubwa ya filamu za Kihindi katika majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanzania Bara katika karne ya 20. Baadaye, katika vibanda vya video, wafasiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, walizipa filamu za kigeni sauti ya Kiswahili. Mwaka 2011 TBC ilionyesha Dou Dou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2015 Zee World ilianza kurusha barani Afrika tamthilia za Kihindi zilizoingizwa sauti za Kiingereza.

Kwa njia hizo, mtazamaji wa Makoko, katika Manispaa ya Musoma kando ya Ziwa Viktoria, husikia lugha ambayo si ya waigizaji, lakini huona miili yao kama ilivyopigwa picha. Sikio limetafsiriwa, jicho halikutafsiriwa. Pengo hilo ndilo linalohakikiwa hapa, kwa kutumia nadharia ya upokezi ya Hans Robert Jauss, hasa dhana yake ya upeo wa matarajio.

Alama kama Tendo-Uneni

Alama zinazojitokeza zaidi ni sinduri, yaani unga mwekundu unaopakwa kwenye mstari wa kuchanulia nywele, mangalasutra, mkufu wa shanga nyeusi na dhahabu, bangili, na pete za fedha zinazovaliwa kwenye vidole vya miguu. Si zote zenye uzito sawa. Bangili, ambazo jina lake la Kiswahili lenyewe lina asili ya Kihindi, huvaliwa pia na wasichana. Sinduri ni ya mke peke yake.

Mapambo huonyesha hali iliyokwisha kuwapo. Sinduri huileta hali hiyo. Mwanamume anapompaka mwanamke sinduri katika ibada ya harusi, tendo hilo ni miongoni mwa yale yanayoifanya ndoa iwe ndoa, sawa na yale J. L. Austin aliyoyaita matendo-uneni: usemi unaotenda. Ndiyo maana watunzi wa tamthilia huweza kujenga msuko mzima juu ya sinduri iliyopakwa kwa hila au kwa bahati mbaya. Mtazamaji anayeiona kama rangi tu hataelewa kwa nini nyumba nzima imepigwa na butwaa.

Jina la Kumkum Bhagya, lililoanza kuonyeshwa nchini India mwaka 2014, linatoa ushahidi wa kiisimu. Kumkumu ni unga mwekundu. Bhagya ni majaliwa. Ndani ya hadithi, jina hilo pia ni la ukumbi wa harusi unaoendeshwa na Sarla, mama wa mhusika mkuu Pragya. Zee World iliita tamthilia hiyo Twist of Fate. Majaliwa yamebaki, unga umeondolewa. Katika jina la asili, majaliwa yana mahali pake: kichwani pa mwanamke. Katika jina la Kiingereza, majaliwa yanaelea hewani, wala hayamhusu mwanamke kuliko mwanamume. Hoja ya kijinsia iliyomo katika maneno mawili imefutika kabla kipindi cha kwanza hakijaanza.

Kutokuwapo kwa Alama

Uhakiki wa kifeministi umeziona alama hizi kuwa pingu, na una sababu: mume havai alama inayolingana nazo. Hata hivyo, usomaji huo ukiachwa peke yake hauelezi namna tamthilia inavyotumia kutokuwapo kwa alama. Balika Vadhu, iliyoanza mwaka 2008, inamhusu Anandi, mtoto wa miaka minane anayeozwa huko Rajasthan. Nyumba anayoingia inatawaliwa na Kalyani Devi, bibi yake Jagdish, mume wa Anandi. Bibi huyo ni mjane, na kwa hiyo hana sinduri.

Ulinganuzi huo ndio kiini cha uhakiki uliomo katika tamthilia yenyewe. Asiye na alama ndiye mlinzi mkali wa mila iliyomvua alama; aliyevikwa alama hajafikia umri wa kuelewa maana yake. Sinduri katika kichwa cha mtoto inaishtaki ndoa bila mhusika yeyote kutoa hotuba. Shtaka hilo si geni Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu husika vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2019.

Upeo wa Makoko

Mtazamaji wa Mara haji mikono mitupu. Miongoni mwa Wagusii, ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kikurya, mwanamke aliyeolewa alivaa ebitinge, pete za chuma za kifundo cha mguu. Dhana ya ndoa inayobebwa na mwili wa mke, basi, haikutoka ng'ambo ya bahari pekee.

Tofauti iko katika kinachoshuhudiwa. Sinduri hutangaza kwamba mume yu hai, anapofariki, hufutwa. Katika desturi za Wakurya, shahidi mkuu wa ndoa ni ng'ombe wa mahari, naye yuko nje ya mwili. Kwa sababu hiyo nyumba ntobhu inawezekana: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa nyumba yake. Kwa mtazamaji mwenye upeo huo, kufutwa kwa sinduri kunaweza kuonekana kama desturi ya msiba tu, ilhali katika tamthilia ni kuondolewa hadhi hadharani.

Ipo pia hatari ya kujumlisha. Tamthilia hizi huonyesha zaidi familia za Kihindu za India ya Kaskazini. Watanzania wenye asili ya India ni pamoja na Waismailia, Mabohora, Waithnaasheri, Masingasinga na Wagoa Wakatoliki. Kumtafuta sinduri kila mwanamke wa Kihindi ni kuichukua tamthilia kama sensa.

Hitimisho

Kuingiza sauti za Kiswahili hakutoshi ikiwa alama itaachwa bubu, na kuita sinduri "rangi" au mangalasutra "mkufu" ni kupotosha. Njia inayofaa ni kubakiza jina na kulipa kitenzi kinachoonyesha kazi yake. Mhusika anaweza kusema "amenipaka sinduri, amenioa", na muktadha ukabeba maelezo bila tanbihi. Mfasiri akifanya hivyo, mtazamaji wa Makoko atapata nafasi ya kuuliza swali ambalo tamthilia inaliuliza kwa picha: kwa nini kifo cha mume kiandikwe katika mwili wa mke? Swali hilo linawahusu pia wajane wa pwani ya ziwa, ingawa kwao halikuandikwa kwa unga mwekundu.