Barkley, Giants na Eagles: Bei ya Mkimbiaji Ilivyoamuliwa na Watu Watano Walio Mbele Yake

Msimu wa 2023, Saquon Barkley wa New York Giants alikimbia na mpira mara 247 na kupata yadi 962, wastani wa yadi 3.9 kwa kila mbio. Msimu uliofuata, akiwa Philadelphia Eagles, alikimbia mara 345 na kupata yadi 2,005, wastani wa yadi 5.8. Miguu ni ile ile, na umri ulikuwa umesogea mwaka mzima. Kilichobadilika ni jezi, watu watano wanaomfungulia njia, na hesabu za ofisi iliyomsajili.

Mgogoro wa mkataba wa Barkley umezungumzwa sana kama kisa cha klabu bahili na mchezaji aliyedharauliwa. Naona kisa hicho kinaficha jambo kubwa zaidi. Katika futiboli ya Marekani, mkimbiaji hana bei moja. Ana bei tofauti kwa kila kikosi, kulingana na kilichojengwa mbele yake kabla hajafika. Giants na Eagles walimtazama mtu yule yule, kila mmoja akapiga hesabu yake, na kanuni za ligi zikachelewesha kwa mwaka mzima safari ya mchezaji kwenda mahali ambapo thamani yake ilikuwa kubwa kuliko kwingine kokote.

Kwa aliyezoea soka letu, maelezo machache yatasaidia. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne kuusogeza mpira yadi 10, na ikifaulu hupewa mengine manne. Katika kila jaribio kotabeki, kiongozi wa mashambulizi, ama hurusha pasi ama humkabidhi mpira mkimbiaji aliye karibu naye. Mbele yao husimama wazuiaji watano wenye miili mikubwa, ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Kazi yao ni kusukuma na kufungua mwanya. Mkimbiaji anayepata yadi 4 kwa kila mbio anaifanya kazi yake. Anayekaribia yadi 6 msimu mzima ni nadra.

Kamba ya tegi

Giants walimchukua Barkley katika drafti ya 2018, yaani zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya, akiwa chaguo la pili kwa wachezaji wote wa mwaka ule. Alianza kwa kishindo: yadi 2,028 kwa mbio na pasi kwa jumla, na tuzo ya mshambuliaji bora chipukizi. Septemba 2020 akaumia goti vibaya katika mchezo dhidi ya Chicago, na msimu ukaishia hapo. Mwaka 2022 alirejea kwa yadi 1,312 za mbio na kuifikisha Giants hatua ya mtoano, ambako waliifunga Minnesota kabla ya kutolewa na Eagles.

Baada ya msimu huo mkataba wake ulikwisha. Katika soka, mchezaji aliyebakiza miezi sita anaweza kuanza kuzungumza na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka. NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ina kanuni tofauti. Kila mwaka klabu inaruhusiwa kumwekea tegi mchezaji mmoja ambaye mkataba wake unaisha. Tegi humbakiza kwa msimu mmoja zaidi kwa mshahara uliokokotolewa kutokana na mishahara mikubwa ya wachezaji wa nafasi yake. Klabu nyingine ikimtaka, na klabu yake ikaamua kumwachia, italazimika kutoa chaguo mbili za raundi ya kwanza ya drafti. Kwa bei hiyo, hakuna anayebisha hodi.

Giants walikuwa na wachezaji wawili muhimu na tegi moja. Tarehe 7 Machi 2023, dakika chache kabla ya muda wa mwisho, walimsainisha kotabeki Daniel Jones mkataba wa miaka minne wa dola milioni 160. Tegi ikawa imebaki huru, nao wakamwekea Barkley, kwa dola milioni 10.091.

Hapo ndipo ubaya wa mfumo unapoonekana waziwazi. Mwaka 2017 tegi ya mkimbiaji ilikuwa dola milioni 12.1, wakati ukomo wa mishahara kwa klabu nzima ulikuwa milioni 167. Tegi hiyo ilikuwa zaidi ya asilimia 7 ya mfuko mzima. Kufikia 2023 ukomo ulipanda hadi milioni 224.8, lakini tegi ya mkimbiaji ilishuka hadi asilimia 4.5. Kila klabu inayokwepa kumlipa mkimbiaji mmoja inashusha kiwango ambacho wenzake watalipwa mwaka unaofuata, na bei inazidi kujivuta chini yenyewe.

Barkley alikataa kusaini tegi na kutaka mkataba wa muda mrefu. Kwa kuwa hakuwa na mkataba uliosainiwa, klabu haikuweza kumtoza faini kwa kukosa mazoezi. Lakini silaha yake iliishia hapo. Kanuni zinaweka siku ya mwisho katikati ya Julai. Ikipita, mchezaji mwenye tegi haruhusiwi kupata mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja hadi msimu uishe. Siku hiyo ilipita bila mwafaka. Siku chache baadaye wakimbiaji kadhaa wa ligi walikutana kwa njia ya video, mwenzao Austin Ekeler akiwa mratibu, kujadili namna ya kujinasua. Hawakupata njia, kwa sababu haikuwepo.

Kila mmoja wao aliujua mfano wa Le'Veon Bell. Mwaka 2018 Bell alikataa tegi ya Pittsburgh Steelers ya dola milioni 14.5 na kukaa nje msimu mzima. Mwaka uliofuata klabu ya Jets ilimpa mkataba wa miaka minne, lakini kiwango chake cha zamani hakikurudi tena.

Tarehe 25 Julai Barkley alisaini mkataba wa mwaka mmoja. Giants walimwongezea marupurupu ya dola 909,000, yaliyogawanywa katika malengo matatu: yadi 1,350 za mbio, pasi 65 alizodaka, na tachidauni 11, yaani mara za kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Kila lengo lilikuwa na sharti la timu kufika mtoano. Ukilisoma sharti hilo kwa makini utaona klabu ilivyojilinda: mchezaji angeweza kufikisha malengo yote na bado asipate hata senti, timu ikishindwa. Giants walimaliza na ushindi mara 6 na vipigo 11. Barkley hakufikisha lengo lolote.

Giants hawakukosea hesabu, walikosea mpangilio

Kuna hoja ya haki upande wa Giants. Mtaji wa mkimbiaji ni miguu yake, na miguu huchakaa mapema. Barkley alikuwa amekwisha kuumia goti na kifundo cha mguu. Klabu inayojijenga ikimlipa mkimbiaji fedha nyingi za uhakika, yaani zile ambazo lazima zilipwe hata akiumia, inaweza kuzikosa pale inapohitaji wazuiaji au walinzi. Machi 2024 Giants waliamua kutomwekea tegi ya pili, ambayo ingegharimu dola milioni 12.1. Fedha zao wakazielekeza kwingine, hasa kwa mlinzi Brian Burns waliyemchukua kutoka Carolina.

Kosa lao lilitangulia hapo. Walimpa kotabeki mkataba wa milioni 160 wakati safu ya wazuiaji ilikuwa bado haijakamilika, kisha wakatarajia mkimbiaji azibe pengo. Yadi 3.9 za mwaka 2023 ni bei ya mwanya usiofunguka. Jones mwenyewe aliumia goti mwaka huo, na Novemba 2024 klabu ikaachana naye.

Eagles walijenga nyumba kabla ya kununua fanicha

Eagles walimaliza msimu wa 2023 vibaya. Walipoteza michezo sita kati ya saba ya mwisho, ukiwamo wa mtoano dhidi ya Tampa Bay uliokwisha 32–9. Klabu nyingi zingevunja kila kitu. Meneja mkuu Howie Roseman aliamua kulinda kilichokuwa imara. Landon Dickerson na Jordan Mailata, wazuiaji wa upande wa kushoto, wakaongezewa mikataba. Wapokeaji wa pasi A.J. Brown na DeVonta Smith wakaongezewa pia. Jason Kelce alipostaafu, nafasi ya katikati ilikuwa na mrithi tayari, Cam Jurgens, aliyeandaliwa kwa miaka miwili. Upande wa kulia kulikuwa na mkongwe Lane Johnson, na kati yake na Jurgens wakamleta Mekhi Becton kwa mkataba mdogo wa mwaka mmoja. Becton alikuwa mzuiaji wa pembeni aliyeshindwa kung'aa Jets. Kocha wa wazuiaji, Jeff Stoutland, akamhamishia ndani, nafasi ambayo hakuwa ameizoea, na akafaulu.

Mailata anastahili aya yake. Ni Mwaustralia aliyetoka kwenye raga na hakuwahi kucheza futiboli ya Marekani kabla ya kuchaguliwa. Alichukuliwa katika drafti ile ile ya 2018, akiwa chaguo la 233. Barkley alikuwa la 2. Miaka sita baadaye, chaguo la 2 lilikuwa likipita kwenye njia iliyofunguliwa na chaguo la 233.

Juu ya msingi wa safu hiyo Roseman alimsajili Barkley, kwa miaka mitatu na dola milioni 37.75, ambapo milioni 26 zilikuwa za uhakika. Kwa mwaka ni kama milioni 12.6, tofauti ya nusu milioni tu na tegi ambayo Giants waliikataa. Ukomo wa mishahara ulikuwa umepanda hadi milioni 255.4, kwa hiyo alichukua chini ya asilimia 5 ya mfuko.

Ndani ya mbio moja

Tazama jinsi mbio za Eagles zilivyokuwa zikianza msimu wa 2024. Kotabeki Jalen Hurts anapokea mpira na kuupeleka tumboni kwa Barkley bila kuuachia. Macho yake yako kwa mlinzi mmoja wa pembeni, ambaye wazuiaji wamemwacha makusudi bila kumgusa. Mlinzi huyo akimfuata Barkley, Hurts anauvuta mpira na kukimbia mwenyewe. Akisimama kumngoja Hurts, mpira unabaki kwa Barkley. Hivyo mlinzi mmoja anaondolewa mchezoni bila mtu kumsukuma, na mzuiaji ambaye angemkabili anakwenda kumziba mwingine. Huku nyuma, mabeki wawili wa mwisho wamekaa mbali kwa kuwahofia Brown na Smith. Barkley akivuka mstari wa kwanza, anakuta uwanja mtupu.

Je, basi mtu yeyote angefanya hivyo? Namba zinakataa. Mwaka 2023, nyuma ya safu hiyo hiyo, tena Kelce akiwemo, D'Andre Swift alikimbia mara 229 kwa yadi 1,049, wastani wa yadi 4.6. Weka namba tatu pamoja: Barkley kwa Giants 3.9, Swift kwa Eagles 4.6, Barkley kwa Eagles 5.8. Safu nzuri inampa mkimbiaji mzuri yadi za kutosha. Mkimbiaji wa kipekee anaongeza yadi zake juu ya hizo. Dhidi ya Jacksonville, Novemba 2024, Barkley alidaka pasi fupi, akazunguka, kisha akaruka kinyumenyume juu ya beki aliyeinama kumkata miguu. Hakuna mzuiaji anayeweza kukufanyia hilo.

Oktoba 20 alirudi kwenye uwanja wa Giants na kupata yadi 176 kwa mbio 17 dhidi ya timu yake ya zamani. Eagles wakashinda 28–3. Novemba 24 aliwapiga Rams kwa yadi 255, rekodi ya klabu. Alimaliza mwaka, mtoano ukiwemo, na yadi 2,504, akivunja rekodi ya Terrell Davis ya 1998. Katika Super Bowl, fainali ya ligi, Kansas City walijipanga kumzuia yeye, wakafaulu: mbio 25, yadi 57. Lakini nguvu walizoelekeza kwake walizikosa kwingine. Hurts akawaadhibu, na Eagles wakashinda 40–22. Mkimbiaji mkubwa huisaidia timu hata siku aliyozuiwa.

Kinachopaswa kubadilika

Machi 2025 Eagles walimwongezea Barkley miaka miwili kwa dola milioni 41.2, akawa mkimbiaji wa kwanza kuvuka wastani wa milioni 20 kwa mwaka. Msimu wa 2025 majeraha yaliiandama safu ya wazuiaji, Becton alikuwa amekwishahamia Chargers, na yadi za Barkley zikashuka sana. Atakayetumia kushuka huko kuthibitisha kwamba wakimbiaji hawastahili kulipwa atakuwa ameyasoma matokeo kinyume. Yamethibitisha tena kwamba mkimbiaji na safu yake wanapaswa kuhesabiwa pamoja. Klabu isiyo na wazuiaji isimnunue mkimbiaji ghali. Klabu iliyo nao isiogope.

Kwa upande wa wachezaji, dai lao ni la haki. Mkataba wa drafti wa miaka minne, mwaka wa tano ambao ni hiari ya klabu kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza, kisha tegi mbili: kwa njia hiyo Giants wangeweza kumshikilia Barkley hadi atimize miaka 28, umri ambao wengi wa nafasi yake wameshaanza kuporomoka. Nafasi inayochakaa mapema kuliko nyingine haiwezi kufungwa kwa kamba yenye urefu ule ule. Makubaliano ya sasa kati ya ligi na chama cha wachezaji yanadumu hadi msimu wa 2030. Yatakapojadiliwa upya, wakimbiaji wapewe mkataba wa kwanza ulio mfupi zaidi, na tegi yao isiruhusiwe kushuka wakati ukomo wa mishahara unapanda. Wakipata hayo mawili, mkimbiaji ajaye mwenye kipaji cha Barkley atafika kwenye safu inayomfaa akiwa bado na miguu yake.