Yuniti 75: kikomo kinachozima jiko la umeme

Nianze na hukumu tusipotezeane muda. Katika safari yote ya kuwahamisha Watanzania kutoka kuni, mkaa na gesi kwenda kupika kwa umeme, kosa kubwa kuliko yote halipo jikoni wala kwenye nguzo. Lipo kwenye karatasi ya bei, na lina tarakimu mbili: 75. Hizo ndizo yuniti za mwezi ambazo mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hapaswi kuzivuka. Kikomo hicho kiliwekwa Januari 2014, wakati hesabu ya nyumba ya mtu wa kipato cha chini ilikuwa taa, redio na kuchaji simu. Miaka kumi baadaye tukatangaziwa kwamba tupikie umeme, na kikomo kikaachwa palepale.

Mliofuatilia uzinduzi wa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia tarehe 8 Mei 2024 mnakumbuka lengo: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Siku sita baadaye Rais Samia alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia ulioondoka na ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Umeme ulifikishwa kwenye vijiji vyote 12,318, LUKU, umeme wa kulipia kabla, imetuondolea ugomvi wa bili, na Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Kazi nzuri, na waliofanya wanastahili sifa.

Sasa njooni Kwihara, hapa Tabora, tupige hesabu.

Chukua nyumba ya kawaida huku kwetu, ya watu watano au sita. Taa, tivii, simu nne, friji ndogo. Inatumia yuniti 40 kwa mwezi. Iko D1, kwa hiyo inalipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi: shilingi 4,000. Mama wa nyumba hiyo amesikia tangazo, amenunua jiko la umeme, ameweka mkaa pembeni. Kupika kwake, tukadirie kwa ukarimu, kunakula yuniti 50. Jumla zinakuwa 90. Mwezi wa kwanza, yuniti 75 atalipa kwa 100, na zile 15 zilizozidi atalipa kwa 350 kila moja. Inauma, lakini inavumilika: 12,750. Balaa linakuja akiendelea. Wastani wake ukishavuka 75 hana sifa tena ya kubaki D1, anahamia T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako tangu 2016 yuniti ni shilingi 292, kuanzia ile ya kwanza kabisa. Taa zilezile, tivii ileile, friji ileile, vyote vinapandishwa bei kwa sababu ya sufuria ya maharage. Yuniti 90 mara 292 ni shilingi 26,280. Toa zile 4,000 alizokuwa analipa zamani. Kupika kumemgharimu 22,280, yaani karibu shilingi 446 kwa kila yuniti aliyopikia. Hakuna bei ya namna hiyo kwenye jedwali lolote la EWURA, mdhibiti wa bei za nishati, lakini ndiyo anayoilipa. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unafika 27,000 na ushee.

Linganisha na gesi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu yuniti 13. Mtungi wa kilo 6 una kama 77, na kwa jiko la kawaida karibu nusu ya joto hilo hupotelea pembeni mwa sufuria. Kinachoingia kwenye chakula ni kama yuniti 40. Jiko la indaksheni, lile la kioo linalopasha kitako cha sufuria kwa nguvu ya sumaku, linaingiza chunguni kama asilimia 85 ya umeme linaoula, kwa hiyo kazi ya mtungi mzima linaimaliza kwa yuniti 47 hivi. Ndiyo maana nikasema 50. Kujaza mtungi huo huku Tabora kunapita shilingi 20,000. Kwa bei ya D1 kazi hiyohiyo ni shilingi 6,100 kodi ikiwa ndani. Kwa T1 ya mtu aliyekuwa T1 tangu mwanzo ni kama 17,800, na bado umeme unaishinda gesi. Anayeshindwa ni mmoja tu: yule wa D1 anayejaribu kuhama. Yaani yule ambaye mkakati mzima uliandikwa kwa ajili yake.

Na badala ya kuirekebisha karatasi, tukaona malori ya mitungi. REA, wakala wa nishati vijijini, ilipanga mitungi 452,445 ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, 3,255 kwa kila wilaya. Ruzuku ikamalizikia kwenye ule mtungi wa kwanza. Wa pili unajitegemea.

Nimeandika mara nyingi na nitarudia: anayetumia mkaa hanunui nishati ya mwezi, ananunua ya siku. Anatoka na hela ya kopo moja, anarudi na kopo moja. Kumwambia alete shilingi 20,000 na zaidi kwa mkupuo ni kumfukuza, hata kama mkaa wake ukijumlishwa kwa mwezi unagharimu zaidi. Huku kwetu, nishati safi inayouzwa kwa kipimo cha kopo ni umeme wa LUKU. Elfu moja unapata, mia tano unapata. Tulikuwa na njia ya malipo inayofanana na maisha ya watu, tukaipita tukakimbilia mtungi.

Uganda waliliona hili. Mamlaka yao ya umeme, ERA, ilianza mwaka 2022 kutumia bei ya kupikia: yuniti za 81 mpaka 150 za mteja wa nyumbani zikauzwa shilingi 412 za kwao, karibu nusu ya bei ya zile za 16 mpaka 80. Mtu akianza kupika, bei inashuka. Kwetu inapanda. Uganda walifanya hivyo kwa sababu walikuwa na umeme wa ziada usio na wa kuununua. Na sisi? Machi 2024, mvua zimejaa na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umeshawashwa, TANESCO, shirika letu la umeme, ililazimika kuzima baadhi ya mitambo ya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Miezi miwili kabla ya uzinduzi wa mkakati tulikuwa tunazima umeme usio na mteja, huku kuni za Unyamwezi zikiendelea kupelekwa mjini kwa baiskeli.

Hoja ya upande wa pili naijua. Shilingi 100 hailipi gharama ya kuzalisha na kusafirisha yuniti. Kundi la D1 linabebwa na wengine. Ukilifungua, shirika litaumia. Sawa. Lakini hakuna anayeomba yuniti zote ziuzwe kwa 100. Kati ya 100 na 350 kuna nafasi ya kutosha kuweka bei ya kupikia ambayo shirika halitalia na mama hatakimbia. Hoja nyingine ni ya saa za jioni, kwamba wote tukiwasha jiko saa moja usiku laini itazidiwa. Hiyo ina uzito zaidi, hasa kwenye laini zetu ndefu za vijijini ambako jioni umeme hushuka mpaka taa zinafifia na jiko la indaksheni linajizima lenyewe. Jibu lake ni jiko la presha la umeme. Nimemwona jirani yangu hapa Kwihara akipika nusu kilo ya maharage makavu saa nane mchana: mita ikisoma 63.4 kabla, ikasoma 62.9 baada. Nusu yuniti. Kwa D1 ni shilingi 61 kodi ikiwa ndani. Maharage yale kwenye mkaa yangekaa saa mbili na zaidi, na moto wa kuyaivisha usingepatikana kwa shilingi 61 popote Tabora. Ukifika jioni anasonga ugali tu, dakika chache, na jiko linazimwa.

Wenye mashua wametutangulia katika kuhama gesi kwenda umeme. Huko duniani, watu wanaoishi majini wanaiacha gesi na kuweka majiko ya indaksheni, na sababu yao ya kwanza ni ya usalama: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inashuka, inajaa kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, inasubiri cheche. Mtu wa Kwihara asidhani hilo ni la wavuvi wa Kigoma peke yao. Tembe, nyumba yetu ya asili, lina kuta nene za udongo, paa bapa na mlango mfupi. Nendeni kwenye tembe la hapa Kwihara alipokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 kuanzia Februari hadi Agosti mkatazame. Nyumba nyingi za leo zina bati juu lakini jiko lake ni lilelile, chumba kidogo chenye kidirisha kimoja kilicho juu ya kichwa cha mpishi. Gesi ikivuja humo haioni njia ya kutoka. Mashuani, hata hivyo, hakuna anayefunga jiko la umeme kabla ya kuhesabu betri, waya, na saa ngapi atapika. Jiko ni kifaa cha mwisho kununuliwa. Sisi tulianza na jiko.

Njia ya misafara iliyopita hapa Kwihara ilikuwa na watu waliojua kupanga mambo hayo. Msafara wa karne ya 19 ulipofika Unyanyembe, yaani eneo hili letu, ulipumzika, ukaajiri wapagazi wapya wa Kinyamwezi, na kabla mtu hajainua mzigo wa frasila mbili posho yake ilikuwa imeshajadiliwa: kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia. Wapagazi walijigawa kwa makambi, kila kambi na chungu chake, moto wake na zamu zake za kutafuta kuni. Posho ikipunguzwa njiani waliweka mizigo chini, na hata tajiri mwenye bunduki alirudi mezani. Jiko la ruzuku bila bei ya kupikia ni mzigo bila posho, na kirangozi yeyote, kiongozi wa wapagazi wa wakati ule, angekataa kupiga ngoma ya kuondoka.

Vilevile walipanga vizuri waliobuni jiko la seramiki miaka ya 1980 kule Kenya, likavuka mpaka na kuenea kwetu. Walichukua jiko la bati lililokuwepo, wakatia udongo wa kuchoma ndani, wakaliacha mikononi mwa mafundi bati walewale wa mtaani. Sufuria ilikaa vilevile, mkaa ulinunuliwa vilevile. Hakuna mpishi aliyeadhibiwa kwa kulinunua.

Hapo nafika kwenye sufuria. Sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na jiko la indaksheni haliitambui alumini. Unaiweka, jiko linapiga kelele na kuzima. Linataka chuma, na linataka kitako bapa. Chukua sumaku ya spika mbovu, iguse kitako: ikishika, sufuria inafaa, isiposhika, usihangaike. Madukani sijaona muuzaji akimweleza mnunuzi jambo hili bila kuulizwa. Halafu kuna ugali. Ugali wa Tabora unasongwa kwa nguvu za mabega, na juu ya kioo sufuria inateleza kama haikushikwa. Jirani niliyemtaja ametengenezewa na seremala fremu ya mbao yenye pengo la duara, inakumbatia jiko pande nne na kubana masikio ya sufuria. Ndicho kifaa bora nilichokiona katika safari hii yote ya kupikia umeme, na hakimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Waya nao: jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea tisa, na nyumba nyingi huku zimeunganishwa soketi zote kwa waya mmoja mwembamba uliokusudiwa taa. Soketi ikipata moto mpaka inanuka, watu watasema umeme haufai kupikia.

 

Kinachotakiwa kwa sasa ni mistari mitatu kwenye agizo lijalo la bei. Mteja wa D1 abaki na 75 za kwanza kwa bei yake. Yuniti za 76 mpaka 150 ziwe na bei yake ya kupikia, chini ya ile ya T1, siyo juu yake. Na asihamishwe kundi mpaka avuke 150. Ruzuku ya mtungi mmoja ikielekezwa kwenye jiko la presha na sufuria moja ya chuma, kila moja ya zile nafasi 3,255 za wilaya inapata kitu ambacho mwezi wa pili bado kitakuwa kinapika.